Seva Inapokataa Kuwaka: Hotuba ya Katibu katika Sherehe za Miaka Kumi



Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa, za maghala na za bei, nao wamezieleza vizuri. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari ya chombo ambacho wanachama wengi hawajapata kukiona. Kimekaa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mhasibu, feni yake huvuma usiku na mchana, na ndani yake mna daftari la kila mwanachama. Chombo hicho ni ile kompyuta iitwayo seva. Na katika habari zake tumechagua moja tu: yatupasa kufanya nini siku seva inapopokea masasisho, ikazimwa ili iwashwe upya, kisha ikakataa kuwaka.

Labda mtu atauliza, "Mambo haya ya mafundi yanamhusu nini mkulima mwenye jembe lake?" Yanamhusu sana. Tangu KNCU ilipoandikishwa kule Kilimanjaro mwaka 1933, ushirika wa wakulima wa kahawa katika nchi yetu umesimama juu ya vitu viwili, mizani na daftari. Mizani ikidanganya, mkulima huona kwa macho yake na kupiga kelele. Daftari likipotea, hana wa kumpigia kelele. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa kilo mlizopima, pembejeo mlizokopeshwa, makato, malipo ya kwanza na malipo ya pili, yote huandikwa ndani ya seva ile. Siku isipowaka, hakuna hundi itakayoandikwa kwa haki mpaka iwake, au mpaka makarani wakae chini na kuhesabu upya stakabadhi moja moja kwa mkono.

Kwa hiyo twapenda neno moja litangulie mengine yote. Seva iliyokataa kuwaka baada ya masasisho, aghalabu haikupoteza daftari. Kilichoharibika ni njia ya kuiamsha, wala si hesabu zilizomo. Hasara iliyo kubwa kwa kawaida huja baadaye, nayo huletwa na mikono ya watu wenye haraka.

CHOMBO TUNACHOKITUMIA

Seva yetu huendeshwa na mfumo uitwao Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Alitangaza kazi yake kwa wenzake kwa njia ya mtandao, nao wakaanza kumsaidia. Mwaka 1992 akauweka chini ya leseni iliyotokana na mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983. Leseni hiyo yampa kila mtu ruhusa ya kuutumia mfumo, kuusoma ulivyoundwa, kuubadilisha, na kuwapa wengine. Nayo yamtaka yule anayewapa wengine awape pia haki zile zile alizozipata yeye.

Mwanachama wa ushirika hatashangaa kusikia maneno hayo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Maelfu ya watu wa nchi mbalimbali wamechangia mfumo huu, na leo hutumika katika seva nyingi sana ulimwenguni, za mabenki, za vyuo vikuu na za serikali. Faida yake kwetu ni kwamba hakuna mtu mwenye kufuli ya daftari letu mfukoni mwake. Lakini uhuru huu una deni lake. Chama kisichokuwa na mwuzaji wa kumpigia simu kila siku hakina budi kuwa na watu wake wenyewe wanaojua.

JINSI SEVA INAVYOAMKA

Ili tujue ilipokwama, yafaa kwanza tujue njia inayopita. Na mfikirie ghala letu kubwa linavyofunguliwa asubuhi.

Kwanza huamka mlinzi. Yeye hutazama kama taa zipo na milango ipo, basi. Katika seva, mlinzi huyu ni programu ndogo iliyokaa katika ubao wa mashine yenyewe, nayo huamka mara tu umeme unapofika.

Mlinzi humwita bawabu. Bawabu ana orodha inayosema msimamizi wa ghala amelala chumba gani, na kama wako wasimamizi wawili au watatu, nani aitwe kwanza. Bawabu wa seva zetu huitwa GRUB.

Bawabu humwamsha msimamizi. Huyu ndiye kiini cha mfumo, ambacho mafundi hukiita kerneli. Kila amri ndani ya mashine hupita kwake. Lakini msimamizi huamka akiwa mikono mitupu, hata ufunguo wa ghala hana. Kwa hiyo bawabu humpa mkoba wenye funguo na zana za kumwezesha kulifungua ghala. Mkoba huo kwa jina la mafundi ni initramfs.

Msimamizi akishafungua mlango wa ghala, yaani akishaipata diski yenye mfumo, humwita mnyapara, ambaye katika mifumo mingi ya leo ni programu iitwayo systemd. Mnyapara naye huita majina ya wafanyakazi mmoja mmoja: wewe shika mtandao, wewe shika hifadhi ya hesabu, wewe shika uchapaji. Hapo ndipo karani aliye mezani kwake hupata kulifungua daftari.

Basi tazameni, Ndugu Wanachama. Kama mkoba hauna ufunguo, msimamizi atasimama mlangoni na kazi yote italala. Walakini kahawa iko ndani, gunia juu ya gunia, salama salimini. Mtu mwenye akili hatabomoa ukuta wala kulichoma ghala kwa sababu ufunguo umekosekana. Atautafuta ufunguo.

KWA NINI TUNAPOKEA MASASISHO

Wapo wazee waliotushauri tusiguse mashine inayofanya kazi. Ni ushauri wa mtu mwenye hekima, nao una ukweli ndani yake, lakini haufai kufuatwa mpaka mwisho. Programu ni kama paa la makuti. Huvuja mahali ambapo jana hapakuvuja. Wevi wa siku hizi hawapiti dirishani tu, hupita pia katika matundu ya programu. Masasisho ndiyo makuti mapya ya kuziba matundu hayo.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2020. Tarehe 29 Julai mwaka huo ilitangazwa habari ya tundu katika GRUB, bawabu yule yule tuliyemtaja. Wachunguzi walilipa jina la BootHole. Mtu mwenye madaraka ya juu katika mashine aliweza kulitumia ili kumpotosha bawabu, na kumfanya aamshe kitu kisichostahili kuamshwa. Watengenezaji wa mifumo ya Linux walitoa masasisho mara moja. Lakini masasisho ya Red Hat yaliyotolewa siku hizo yaliwafanya baadhi ya wateja wake waone seva zao zikikwama zilipowashwa upya, hata orodha ya bawabu isionekane. Siku chache baadaye yakatolewa masahihisho ya masahihisho. Tundu lilikuwa la kweli, na kukwama kulikuwa kwa kweli. Aliyekataa kuziba alibaki na mlango wazi. Aliyeziba bila kujiandaa alibaki nje ya nyumba yake.

Wala mambo haya si ya Linux peke yake. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma masasisho yenye kasoro kwa mashine za Windows. Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilibaki chini, na hospitali zikaahirisha kazi. Mashine nyingi katika hizo zilibidi zifikiwe na mtu, akae mbele yake, aiwashe kwa njia ya tahadhari, akaifute faili moja yenye kasoro. Hata mataifa yenye fedha nyingi yalimhitaji mtu mmoja anayejua, akiwa mbele ya mashine moja. Nasi tukumbuke hilo tutakapofika kwenye maombi yetu.

YALIYOTUPATA WENYEWE

Katika msimu mmoja wa miaka hii kumi, siku mbili kabla ya malipo ya pili, seva yetu ilipokea masasisho usiku na kuwashwa upya. Asubuhi makarani walikuta kioo cheusi chenye maandishi meupe. Mstari wa mwisho ulikuwa na maneno "Kernel panic", na juu yake "Unable to mount root fs". Maana yake kwa Kiswahili ni kwamba kiini kimeamka, kimefika mlangoni pa ghala, kimeshindwa kufungua, kikasimamisha kila kitu.

Habari hutembea kuliko miguu. Kabla ya saa nne wanachama walikuwa wamejaa uani kwetu, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kukopa ada za shule kwa kutegemea malipo yale. Walikuja na stakabadhi zao mikononi, na swali lao lilikuwa moja: "Je, kilo zetu zimekufa?"

Fundi aliyeitwa kutoka mjini aliitazama mashine kwa muda mfupi, akasema dawa yake ni kufuta diski na kuweka mfumo upya. Kazi itakwisha jioni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema lile ambalo wengi hulisema. Lakini karani wetu mmoja, binti aliyesoma kazi hiyo kwa bidii zake mwenyewe, alisimama akasema, "Samahani, mzee. Kabla hatujafuta, tumwulize kwanza bawabu kama yule msimamizi wa zamani bado yupo."

Wakaizima mashine, wakaiwasha, na binti yule akaibonyeza kibodi mapema ili orodha ya bawabu ionekane. Kiini cha zamani kilikuwapo, chini ya kile kipya. Akakichagua. Baada ya dakika chache mashine ikawaka, na daftari likafunguka likiwa na kilo zote, mpaka zile zilizopimwa jioni ya jana.

Hapo ikatafutwa sababu. Sehemu ndogo ya diski inayokaa viini na mikoba yake, iitwayo /boot, ilikuwa imejaa pomoni. Kila sasisho lilikuwa limeleta kiini kipya, na vya zamani havikuondolewa. Usiku ule kiini kipya kiliingia, lakini mkoba wake haukupata mahali pa kukaa, ukakatika katikati. Bawabu akamwita msimamizi mpya aliyekuwa hana mkoba. Habari yote ndiyo hiyo. Viliondolewa viini vilivyopitwa na wakati, mkoba ukatengenezwa upya, orodha ya bawabu ikaandikwa upya, na malipo yakatolewa siku ile ile iliyotangazwa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, nasi tuliuona ukweli wake kwa macho.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kwa ajili ya makarani na viongozi watakaokitunza kijitabu hiki, twaandika hapa utaratibu kwa ufupi. Maneno ya amri tumeyaacha kama mashine inavyoyataka, kwa kuwa yenyewe haielewi lugha nyingine. Amri hizo ni za mifumo ya jamii ya Debian na Ubuntu, kama ule tulio nao.

La kwanza, soma kabla ya kugusa. Piga picha ya kioo kwa simu. Andika saa, na andika nini kilibadilishwa mara ya mwisho. Usiizime na kuiwasha mara kumi kwa kutumaini bahati.

La pili, tambua imekwama wapi. Ikiwa hakuna hata taa, tatizo ni umeme au chombo, na masasisho hayana kosa. Ikiwa yaonekana maneno "grub rescue", bawabu amepoteza karatasi zake. Ikiwa yaonekana "Kernel panic" pamoja na habari ya kushindwa kufungua diski, yaelekea msimamizi hana mkoba au mkoba umekatika. Ikiwa mashine inasimama mahali palipoandikwa "initramfs" ikingoja amri, mkoba upo lakini diski haikuonekana. Na ikiwa yaonekana "emergency mode", ghala limekwisha kufunguliwa ila kuna jambo moja ndani lililomzuia mnyapara. Mara nyingi ni mstari katika faili /etc/fstab unaotaja diski ambayo haipo tena. Mstari huo ukisahihishwa, kazi huendelea.

La tatu, jaribu kiini cha zamani. Mara baada ya kuwasha, bonyeza Esc, au katika mashine za zamani shikilia Shift, mpaka orodha ya bawabu itokee. Ingia katika mstari wenye maneno "Advanced options", kisha chagua kiini kilichotangulia. Kikiwaka, andika "uname -r" ili ujue ni kipi, ukitaje katika kitabu cha kumbukumbu.

La nne, hali ikiwa bado ngumu, tumia flashi yenye mfumo wa Linux unaoweza kuwaka bila kuwekwa katika diski. Mashine ikiwaka kwa flashi, diski ya Chama hufunguliwa kwa kusomwa tu. Hapo kazi ya kwanza, kabla ya matengenezo yoyote, ni kunakili daftari katika diski nyingine. Baada ya hapo ndipo fundi aweza kuingia katika mfumo uliolala kwa amri ya "chroot" na kuutengeneza kana kwamba umeamka.

La tano, tengeneza sababu, usitosheke na kuwaka. Tazama nafasi kwa "df -h /boot". Ondoa viini vilivyopitwa kwa "apt autoremove --purge", usivifute kwa mkono, wala usikiondoe kile kinachotumika wakati huo. Maliza uwekaji uliokatika kwa "dpkg --configure -a". Tengeneza mikoba kwa "update-initramfs -u -k all", kisha orodha ya bawabu kwa "update-grub". Zima, washa, na tazama mpaka mwisho.

La sita, mambo yaliyokatazwa. Usiendeshe ukaguzi wa "fsck" wenye kutengeneza juu ya diski iliyofunguliwa na inayotumika, maana waweza kuharibu kilichokuwa kizima. Usiweke mfumo upya juu ya diski yenye daftari ambalo halijanakiliwa. Na usimruhusu mtu yeyote, awe na cheo gani, akuharakishe katika mambo hayo mawili.

JIBU KWA WANAOTAKA KURUDI KATIKA KARATASI

Baada ya asubuhi ile baadhi ya wanachama walisema turudi katika madaftari ya karatasi. Twawaheshimu, wala hatuyadharau maneno yao. Karatasi haihitaji umeme. Lakini mchwa huila, mvua huilowesha, na karani mwovu huweza kuichana ukurasa mmoja usiku, na asubuhi akasema haukuwapo. Tena daftari la karatasi ni moja, na likiungua limeungua. Daftari la seva laweza kunakiliwa kila jioni na nakala ikapelekwa mbali.

Hata hivyo wamesema neno moja la haki, nalo tumelipokea. Mkulima asiachwe mikono mitupu akiitegemea mashine asiyoiona. Stakabadhi mnayopewa kwenye mizani ni daftari la pili, na mwenye kulitunza ni wewe mwenyewe. Usiitumie kufungia tumbaku wala kuwashia moto. Itunze mpaka malipo ya mwisho ya msimu yatakapokamilika. Asubuhi ile, kama diski ingekuwa imekufa kweli, stakabadhi zile zilizokuwa mikononi mwa wanachama uani ndizo zingekuwa ushahidi wa kilo zao.

MAOMBI YETU KWA MKUTANO

Ndugu Mwenyekiti, miaka kumi ni umri wa mtoto anayeanza kutumwa dukani. Amekwisha kuwa na nguvu, lakini bado ahitaji kufundishwa njia. Kwa hiyo twaomba Mkutano uyafikirie mambo manne, na ukiona yafaa uyaweke katika kanuni.

Kwanza, masasisho yasiwekwe katika juma la malipo, wala usiku ambao hakuna mtu wa kuitazama mashine ikiwaka. Yawekwe asubuhi ya siku ya kazi ndogo, nakala ya daftari ikiwa imekwisha kuchukuliwa, betri ya akiba ikiwa imejaa, na nafasi ya /boot ikiwa imetazamwa. Masasisho yenye kuziba matundu ya hatari yasicheleweshwe kupita juma moja au mawili. Na kiini cha zamani kibaki mpaka kipya kiwe kimethibitika.

Pili, nakala za daftari ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja katika hizo ikae mbali na jengo hili, kusudi moto au mwizi asizipate zote kwa pamoja. Tena mara moja kila miezi mitatu nakala ifunguliwe mbele ya Kamati ya Usimamizi, ili ijulikane kwamba yafunguka. Nakala isiyopata kufunguliwa ni kama mbegu isiyojaribiwa. Huijui mpaka mvua imekwisha kupita.

Tatu, kitabu cha kumbukumbu cha seva kiwekwe chumbani mle, kwa Kiswahili, nacho kiandikwe kila kinachobadilishwa, tarehe, na jina la aliyebadilisha. Neno la siri la mashine liwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani ya sefu, na bahasha isifunguliwe ila mbele ya watu wawili.

Nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote, Chama kisomeshe watu. Asubuhi ile tuliokolewa na karani mmoja. Je, angekuwa mgonjwa? Je, angekuwa ameolewa mbali, au ameajiriwa na wengine wenye mshahara mnono? Hatuwezi kuliweka daftari la maelfu ya watu katika kichwa cha mtu mmoja, hata kama kichwa hicho ni chema. Twaomba fedha za kusomesha vijana wasiopungua watatu kutoka vyama vya msingi, wasichana kwa wavulana, wajifunze utaratibu huu kwa vitendo katika kompyuta kuukuu iliyo ghalani. Waivunje na kuitengeneza, waivunje tena na kuitengeneza tena, mpaka hofu iwatoke. Gharama yake haitafika gharama ya malipo ya pili yaliyochelewa kwa mwezi mmoja.

Twajua fedha ni chache na maombi ni mengi. Paa la ghala la pili lavuja, na gari la kubebea kahawa limechoka. Lakini paa likivuja huonekana, na gari likichoka husikika. Ujinga juu ya daftari letu hauonekani wala hausikiki mpaka asubuhi ile ambayo uani pamejaa watu na kioo ni cheusi. Kwa sababu hiyo yatupasa kuutoa sasa, wakati mashine inawaka na sote tumekaa kwa furaha.

Ndugu Wanachama, waanzilishi wa Chama hiki waliwafundisha wakulima kusoma mizani wenyewe, ili mnunuzi asiwe peke yake anayejua kilo ni ngapi. Kazi hiyo haijaisha. Mizani ya leo ina sehemu iliyofichika ndani ya mashine, nayo pia lazima isomwe na wenye mali. Yeyote atakayekuambia kwamba mambo haya ni makubwa mno kwa watoto wa wakulima, mwonyeshe kijitabu hiki, na umwambie kwamba wao ndio waliolifungua ghala bila kubomoa ukuta.

Twawapongeza ninyi nyote kwa miaka kumi ya jasho na uaminifu. Mungu atupe mvua za kutosha, bei ya haki, na daftari lililo wazi kwa kila mwenye kilo zake.

Ushirika udumu.